Muhula Aliponyamaza Redio

Jumatatu, 4 Machi

Shule imefunguliwa na mvua imefunguka siku hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu ametugawia vipindi. Mimi, juu ya Kiswahili changu cha kila siku, nimebebeshwa kipindi kipya cha Ijumaa kwa darasa langu la saba: adabu na faragha katika mawasiliano ya mtandaoni. Amesema mbele ya walimu wote kwamba amenichagua kwa kuwa mimi ni mtu wa staha hata kwenye simu. Mwalimu wa michezo akanong'ona kwamba simu yake yeye haina hata kioo kizima, sembuse staha. Tukacheka. Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa, lakini kichwa juu.

Ijumaa, 8 Machi

Kipindi cha kwanza kimekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimewauliza: unayemwandikia, ungemwambia maneno hayo akiwa amekaa mbele yako? Wakabishana mpaka kengele ikalia. Yule mvulana wanayemwita Wakili, ambaye hata ukimwambia jua limekuchwa atataka ushahidi, aliuliza kama ni kosa kumsema mtu kwa jambo la kweli. Nikamwambia ukweli nao una mwenyewe. Nililipenda jibu langu, naliandika hapa lisipotee.

Redio ndiye aliyezungumza zaidi, kama kawaida. Msichana huyu amepewa jina hilo na wenzake tangu darasa la pili, naye analivaa kama taji. Hata akiandika, midomo inakwenda.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kutwa. Darasa linavuja kwenye kona ya ubao. Tumesogeza madawati.

Alhamisi, 14 Machi

Niliwapa karatasi ya kanuni za matumizi ya simu, mzazi aisome kisha aweke sahihi. Leo baada ya kengele ya mwisho Redio alibaki nyuma, akaniuliza kama inaruhusiwa mtoto kumwekea mzazi sahihi. Nikamwambia huko ni kughushi. Akawa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake, anafungua na kufunga, mpaka nikamwambia aache.

Ndipo aliposema. Mama yake hajui kusoma. Hakuwahi kukaa darasani. Ujumbe wote ninaowatumia wazazi, Redio humsomea jioni, na yale majibu mafupi yenye adabu, "Asante Mwalimu, tumepokea", ni ya Redio. Ujumbe ukiingia Redio akiwa shuleni, mama hutuma picha ya dole gumba tu, maana dole haliwezi kuharibu kitu. Hakuna anayejua, hata wateja wake wa miaka yote pale saluni anaposuka nywele.

"Amenikataza nisimwambie mtu," alisema. "Nimekuambia wewe kwa sababu ya ile karatasi."

Nikamshika bega nikamwambia jambo hili halitatoka nje ya chumba hiki. Akaondoka anaimba.

Ijumaa, 15 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na mabati.

Wakati wa mapumziko nilikuwa ofisini, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Nilikuwa nimetoka kuandika kwenye grupu la wazazi kwamba watoto waje na makoti ya mvua. Dada yangu, ambaye tunaongea kwa simu kila siku ya Mungu, akawa ameniuliza kipindi changu kipya kinaendaje. Nikaona kuandika ni kazi. Nikasogeza simu mdomoni kwa sababu ya kelele za mvua, nikarekodi. Naandika nilichosema, neno kwa neno, kwa sababu sasa nimekisikiliza mara nyingi mno:

"Dada, we acha tu. Yule mama yake Redio, msusi yule anayepita kama malkia, kumbe hajui kusoma hata herufi moja! Mtoto ndiye anayenijibu muda wote. Na mimi nilidhani ni maringo, kila ukiandika anakutumia dole. Kumbe lile dole ndiyo alfabeti yake yote."

Kisha nikacheka. Kicheko kirefu, kile cha kumalizia kwa kukohoa.

Nikaweka simu mkobani, nikaenda kufundisha. Kipindi chenyewe kilikuwa hiki hiki cha Ijumaa, na mada ilikuwa siri. Niliandika ubaoni kwa chaki ya rangi: Siri ya mwenzako si mali yako kuigawa. Redio aliinua macho akanitabasamia. Nami nikamtabasamia.

Nilipotoka nikafungua simu. Mzazi mmoja alikuwa ameandika, "Mwalimu, hapa umekosea mlango." Mwingine ameweka nyuso tatu za kucheka. Sikuelewa mpaka nilipopandisha juu na kuiona sauti yangu mwenyewe imekaa katikati ya grupu la wazazi, chini kidogo ya makoti ya mvua.

Kabla ya kufuta nilitazama walioisikiliza. Jina la mama yake Redio lilikuwa la pili. Ningeshangaa nini? Ujumbe wa sauti ndio pekee ambao hahitaji kungoja mtoto arudi amsomee.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu Mkuu alipiga simu asubuhi. Wazazi wawili walikwisha mpigia. Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayeomba apewe njia ya kutokea. Akaniuliza kama kweli ile sauti ni yangu, kwa maana amesikia siku hizi kuna mashine za kuiga sauti za watu.

Mlango aliufungua yeye. Lakini aliyeingia ni mimi. Nikasema ni hizo mashine, Mkuu, simu yangu imeingiliwa.

Akashusha pumzi. Mchana akawaandikia wazazi kwamba mwalimu amedukuliwa na wahalifu wameiga sauti yake. Simu yangu haikutulia. Pole Mwalimu. Dunia imeharibika Mwalimu. Mzee mmoja alitaka nimwelekeze namna ya kujikinga.

Mama yake Redio alikuwa amejitoa kwenye grupu.

Jumatatu, 18 Machi

Redio hajaja.

Nimeona uani wavulana wawili wa darasa la sita wakinyoosheana madole gumba na kuangua kicheko. Mmoja aliniona akaliingiza dole mfukoni. Nilipaswa kuwaita. Nikapita.

Jumatano, 20 Machi

Amekuja. Ameketi mahali pake. Sikumsikia siku nzima. Nilipoita majina aliinua mkono badala ya kuitika, nami nikaweka alama ya kuwepo.

Alhamisi, 21 Machi

Mwalimu Mkuu ana wazo. Kesho niwafundishe wanafunzi yaliyonipata, jinsi wahalifu wanavyoiga sauti, na yeye atakaa nyuma asikilize. Amesema msiba huu tuugeuze somo. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Akasema nitakaa nikifundisha.

Ijumaa, 22 Machi

Nilifundisha nimesimama.

Mkuu alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza. Nilichora simu ubaoni. Nikaeleza kwamba mashine inaweza kuchukua sauti ya mtu ikaifanya iseme asiyoyasema. Hayo yenyewe ni kweli, nimeyasoma. Kisha nikasema ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Nilisema bila kumtazama Redio, lakini kuna namna ya kutomtazama mtu ambayo ni kumtazama.

Wakili akanyoosha mkono. Nikajifanya simwoni. Mkuu akasema, "Mwalimu, kuna swali huku."

"Mashine imeiga sauti, sawa," Wakili akasema. "Lakini ile habari iliipata wapi? Mashine haijui mambo ya kwao."

Darasa lilimgeukia Redio, vichwa vyote kwa pamoja. Na mimi, mtu mzima, nikasema, "Pengine alikwisha mwambia mtu, habari zikasambaa. Ndiyo maana tunasema tulinde siri zetu."

Nilisema hivyo. Nimeketi hapa mezani naona mkono wangu unaandika kwamba nilisema hivyo.

Redio aliinuka taratibu, akatoka bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyemrudisha. Somo lilipokwisha Mkuu alinipigia makofi, na darasa likafuatisha kwa sababu amepiga yeye. Huko nje nikamsikia msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Basi ni yeye mwenyewe aliyemtangaza mama yake." Maneno yalikuwa yake, lakini mwalimu wake ni mimi.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kwa dada. Nilimwambia yote huku akichambua mchele, kwanza ile sauti, kisha uongo, kisha yale ya Ijumaa. Nilitarajia aniambie maskini mdogo wangu, ni kuteleza kidole tu. Hata nilimsaidia kulifikia neno hilo. Nikasema kama kidole kisingeteleza, hakuna ambaye angeumia.

Hakuinua macho kwenye ungo. "Na kama ungenitumia mimi sawasawa, ndiyo ungekuwa umemsema vizuri?"

Nikaokota punje ya mchele iliyodondoka.

"Mimi nisingecheka," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Kwamba ulijua nitacheka."

Nimerudi kwa miguu ingawa ilikuwa inanyesha. Siku zote hizi nimekuwa nikikilaani kidole. Kidole hakikusema kitu.

Jumanne, 26 Machi

Redio yupo. Kimya. Insha yake ina sentensi nne. Zilizotangulia nilikuwa namwomba apunguze.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda saluni kwa mama yake. Nilipita mbele ya mlango mara mbili kwanza, mara ya pili nikijifanya natafuta duka la viatu.

Ni chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu. Alikuwa anasuka mwanamke wa makamo, mistari myembamba, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama. Aliniona kwenye kioo. Hakugeuka. Nikamsalimia, akaitikia, maana salamu ni salamu. Nikamwomba tutoke nje kidogo tuzungumze.

"Sema hapa hapa," akasema. "Wewe si mtu wa kuogopa watu."

Mteja akainamisha kichwa, sijui kwa ajili ya nywele au kwa ajili yangu. Nikasema. Nikamwambia hakuna mashine, ile sauti ilikuwa yangu, nilikusudia kumtumia dada yangu.

"Najua. Mashine haicheki vile."

Akasuka mstari mzima kabla ya kusema tena. Safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Mwanangu nilimpiga kofi kwa ajili yako. Tangu nimzae sijawahi kumgusa. Nilimpiga kwa kuwa alikuamini." Akachukua kitana. "Sasa kila nikimsemesha analinda shavu."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Nikayaacha. Nikasema tu kwamba nitamwomba radhi kwenye grupu, mbele ya wazazi wote, kama nilivyomsema mbele yao.

Ndipo alipogeuka kunitazama kwa macho yake, si kwa kioo.

"Wako ambao hawakuisikia. Wako walioisikia wakasahau, wana mambo yao. Ukiniomba radhi kule, unanisema mara ya pili, na safari hii kwa adabu. Nani atafaidika? Wewe. Utalala usingizi."

Nikauliza nifanye nini basi.

"Uongo wako ni wako, uvue mwenyewe. Mimi usinitaje. Na ya mwanangu kamwulize mwanangu."

Alirudi kwenye nywele. Mteja aliniaga. Yeye hakuniaga.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilimwita Redio wakati wa mapumziko, chini ya baraza, mahali ambapo kila mtu anatuona na hakuna anayetusikia. Nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba si yeye aliyeitoa ile siri, ni mimi, na kwamba Ijumaa ile nilimsingizia ili nijiokoe. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza nikamwuliza kama kuna anachotaka kusema.

"Ulikuwa unacheka kweli?" akauliza. "Au ulikuwa unamchekesha mtu tu?"

Nikamwambia nilikuwa nacheka kweli.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa, akaenda zake. Hayo ndiyo maneno yote niliyoyapata kwake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemwambia Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akafunga mlango, akaniuliza najua kwamba habari ya wadukuzi amekwisha ipeleka kwa afisa elimu, na kwamba afisa ameisifu shule kwa kuifanya somo? Sikujua. Akasema maji yamekwisha mwagika, mambo yametulia, kwa nini niyakoroge. Nikamwambia yametulia kwetu. Kwa mtoto hayajatulia.

"Ukiandika kitu kule," akasema, "utakuwa umeniaibisha na mimi."

Nikasema najua, na nikamwomba radhi yeye kabla. Nadhani alitaka nibishane. Ingekuwa rahisi kwake.

Saa kumi jioni nikaandika kwenye grupu: "Wazazi, ujumbe wa sauti uliotoka kwenye simu yangu mwezi uliopita niliurekodi mimi. Hakuna aliyeingilia simu wala kuiga sauti yangu. Nilidanganya, na nilimdanganya Mwalimu Mkuu pia. Hakuna mwanafunzi aliyekosea. Aliye na nakala naomba aifute, na asiulizie." Niliusoma mara nyingi kuhakikisha hakuna mtu ndani yake isipokuwa mimi.

Nikahesabu waliousoma. Kisha yule mzee niliyemwelekeza namna ya kujikinga na wadukuzi akaandika: "Sawa Mwalimu." Hakuweka pole.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimenyang'anywa kipindi. Amepewa mwalimu wa michezo. Anakifundisha kwa filimbi. Akisoma mfano wa ujumbe wenye matusi anaupulizia kama rafu. Wanafunzi wanampenda. Mimi niliwaambia darasani, kabla hajaingia, kile nilichowaambia wazazi, kwamba hakuna aliyetoboa siri yoyote ila mimi. Wakili hakuuliza swali. Ni mara ya kwanza.

Jumatano, 10 Aprili

Ofisini chai inanywewa upande ule, nami nasahihisha upande huu. Hakuna aliyenifukuza. Nikiingia, watu wanaweka simu zao kifudifudi.

Alhamisi, 18 Aprili

Madole gumba yamekwisha uani. Wamepata kichekesho kingine.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua imekatika siku tatu sasa. Nimemwona Redio kwenye foleni ya maji, wenzake wanapiga gumzo, yeye katikati yao anatabasamu panapostahili. Mtu asiyemjua angesema ni mtoto mpole.

Ijumaa, 10 Mei

Leo tumefunga shule. Wazazi huja kuchukua ripoti, kila mmoja anakaa mbele ya mwalimu wa darasa, anasoma, anaweka sahihi, anakwenda. Nilikuwa na meza yangu mlangoni na foleni iliyofika kwenye ngazi. Hawakuwa na maneno mengi na mimi. Wanasoma, wanasaini, asante.

Mama yake Redio alikuwa kwenye foleni. Sikutegemea aje, nilidhani atamtuma jirani. Amevaa vizuri, kilemba kimesimama. Binti yake yuko nyuma yake hatua moja. Nilipoona zamu inakaribia nilianza kupanga namna ya kumstahi: nitaikunja ripoti, nitamwambia akasaini nyumbani. Alipoketi nikafanya hivyo hivyo, nikaikunja, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba hakuna haraka, anaweza kuirudisha muhula ujao.

Akaisukuma kwangu. "Nisomee."

Nikainama, nikaanza kunong'ona alama za hesabu.

"Kwa sauti yako ya kawaida, Mwalimu. Hawa wameshajua."

Nikasoma. Hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, Kiswahili. Alama zilikuwa nzuri; kushuka kulikuwepo, lakini nzuri. Nikafika chini, kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, ambayo niliyaandika juzi nikiwa na rundo la ripoti mbele yangu, kwa maneno yale tunayowaandikia watoto wote. Niliona kinachokuja kabla sijakifikia, na hapakuwa na pa kugeukia. Nikasoma: "Ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Muhula huu amekuwa mkimya sana darasani. Ajitahidi kushiriki."

Mama yake aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Kwa nini amekuwa mkimya?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mzazi yeyote anavyomwuliza mwalimu yeyote, na akangoja. Wazazi nyuma yake wakangoja. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Kwa sababu yangu," nikasema.

"Andika hivyo basi."

Nikachukua kalamu. Nikakata yale maneno ya ajitahidi kushiriki, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, nikaandika kwa herufi za kubanana. Nikamgeuzia karatasi. Hakuitazama. Aliichukua akampa binti yake nyuma bila kugeuka.

"Soma nisikie kama ameandika alichosema."

Redio aliishika kwa mikono miwili. Ilimchukua muda. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu ile siku ya baraza, nami nilikuwa nimesahau ilivyo nene kwa mtoto wa umri wake.

"Amekuwa mkimya," akasoma, "kwa kosa la mwalimu wake."

Alisoma mara moja tu, bila kupandisha wala kushusha. Mama yake akaikunja ripoti, akaitia mkobani, akasimama. Nikamwita mzazi aliyefuata.